Askari Anaporudi Nyumbani

Somo la kujifunza katika vikundi. Fungu la kusoma: Yoshua 22



Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Siku hiyo viongozi huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu, tarumbeta hulia, na viongozi wa dini huwaombea waliokufa vitani. Ni desturi njema, nasi hapa Ndungu twajiunga nayo. Lakini somo letu la leo lahusu watu wengine, yaani wale waliokwenda vitani wakarudi. Baadhi yao wamekaa kati yetu miaka mingi. Tumesali nao, tumelima nao majaruba ya mpunga, na wengi wao tumekwisha kuwazika. Je, tumepata kuwauliza kurudi kwao kulikuwaje?

Somo lina vichwa vinne na maswali mwishoni. Lafaa lisomwe kwa majuma mawili, vichwa viwili kila juma, ili wazee wapate nafasi ya kusema.

1. ASKARI WA YOSHUA

Tusome Yoshua sura ya 22 yote. Habari yake ni hii. Watu wa Reubeni, wa Gadi, na nusu ya kabila la Manase walikuwa wamekwisha kupewa nchi yao upande wa mashariki wa Yordani. Hata hivyo waliacha wake zao, watoto wao na mifugo yao huko, wakavuka mto kwenda kupigana pamoja na ndugu zao mpaka vita viishe. Vilipokwisha, Yoshua aliwaita, akawashukuru, akawabariki, akawapa mali nyingi za kwenda nazo, akawaruhusu warudi makwao.

Hadithi nyingi zingeishia hapo, kwa furaha na nyimbo. Biblia haikuishia hapo. Walipofika Yordani, askari wale walijenga madhabahu kubwa. Ndugu zao waliposikia, walidhani wameasi, wakakusanyika Shilo tayari kuwapiga. Watu waliokuwa wamelala katika kambi moja jana, leo wataka kuuana! Bahati njema, kabla ya kutoka walimtuma kwanza Finehasi mwana wa Eleazari kuhani, pamoja na wakuu kumi, waende wakaulize.

Jibu walilopata ndilo kiini cha somo letu. Askari wale walisema kwamba hawakuijenga madhabahu ile kwa uasi. Waliijenga kwa hofu. Waliogopa kwamba siku moja watoto wa ng'ambo ile ya mto wangewaambia watoto wao kuwa hawana sehemu pamoja nao. Walitaka kuwe na kitu kitakachosimama kama shahidi kwamba wao nao walikuwamo. Finehasi aliposikia hayo aliridhika, akarudi, na vita havikuwako.

Tuone mambo matatu. Kwanza, kuagwa vizuri na kupewa zawadi hakukutosha kumaliza jambo. Taabu ilianza baada ya sherehe. Pili, walioshuku walikosea, lakini walifanya jambo moja la busara: waliuliza kabla ya kupiga, tena wakangoja jibu. Tatu, hofu kubwa ya askari aliyerudi ilikuwa hofu ya kukosa sehemu kati ya watu wake mwenyewe. Hofu hiyo tutaikuta tena na tena tukitazama habari za kwetu.

2. VITA VILIVYOWACHUKUA WATU WA KWETU

Vita Kuu ya kwanza ilipita hapa hapa kwetu. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts yalishuka kwa kufuata reli ya Tanga na mto Pangani. Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, walirudi nyuma huku wakiibomoa reli. Same na Mkomazi zikaingia mikononi mwa Waingereza. Katika vita hivyo Waafrika walikuwa askari wa pande zote mbili, lakini wengi zaidi walikuwa wapagazi. Waingereza peke yao, kwa makadirio, waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika Mashariki, na karibu 100,000 walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam latokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Je, walipewa sehemu yao? Mwaka 1927 sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam kwa heshima ya askari na wapagazi wa Kiafrika. Lakini majina ya wengi wao hayakuandikwa po pote. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 100, na wajane na watoto wengi wa wapagazi wale walikuwa wamekwisha kufariki bila kuisikia radhi hiyo.

Vita Kuu ya pili iliwachukua wanaume zaidi ya 80,000 kutoka Tanganyika. Hao ndio wazee wetu wa Keya. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944 na 1945. Tarehe 12 Februari 1944 meli yao iitwayo Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Na waliorudi Upare walikuta nini? Walikuta nchi imo katika ugomvi wa mbiru, ile kodi mpya ambayo watu wetu waliipinga. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu walishuka Same wakakaa huko kudai iondolewe. Mwalimu Isaria Kimambo ameandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Basi fikirini: mtu ametoka Burma, amesifiwa kwa kumtetea Mfalme, akifika kwao anakuta mkewe na babaye wanagombana na serikali ya Mfalme huyo huyo.

Vita ambavyo wengi wetu twavikumbuka ni vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu, na daraja la Kyaka likabomolewa. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga. Jeshi letu, lililokuwa na askari wasiofika 40,000, lilikua mpaka zaidi ya 150,000, na kati yao wanamgambo wapatao 40,000. Wanamgambo hao walikuwa wakulima, makarani na wafanyakazi wa mashamba. Mwezi Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na mwanzoni mwa Juni vita vikaisha. Lakini kurudi hakukuwa kwa siku moja, maana baadhi ya majeshi yetu yalikaa Uganda mpaka mwaka 1981.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo yamekwisha. Vijana wa siku hizi nao wamekwenda kulinda amani nchi za mbali. Mwezi Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur, na tarehe 7 Desemba 2017 wengine zaidi ya kumi waliuawa Semuliki, katika Kongo ya mashariki. Wenzao walionusurika siku hizo wamerudi nyumbani. Huenda mmoja wao ni jirani yako.

3. MIZIGO YA ANAYERUDI

Ili tuelewe vizuri, tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini wenye umri mkubwa watautambua.

Kijana mmoja wa tambarare yetu, mwanamgambo, aliondoka Novemba 1978 mahindi ya vuli yakiwa yameanza kuota. Alimwacha mkewe na mtoto mchanga. Alirudi baada ya miaka miwili na zaidi. Siku ya kwanza ilikuwa sikukuu: mbuzi alichinjwa, makande yalipikwa, wanawake walipiga vigelegele. Siku ya tatu aliamka mapema akachukua jembe kwenda shambani. Alimkuta mdogo wake analima.

"Kaka, shamba hili nimelilima misimu mitano," mdogo wake akamwambia. "Nilipolichukua hatukujua kama utarudi."

"Sasa nimerudi."

"Ni kweli umerudi. Lakini mimi nami nina watoto."

Alirudi nyumbani bila kusema neno. Mtoto wake alipomwona alimkimbilia babu. Mkewe, ambaye kwa miaka yote hiyo aliamua peke yake auze nini na ale nini, alisahau kumwuliza kabla ya kuuza debe la mahindi, naye akamfokea kama anavyofokewa kuruta. Usiku aliota ndoto, akaruka kitandani. Jioni iliyofuata alikwenda kilabuni, na kwa kuwa dengelua ilimpa usingizi, akaenda tena na tena. Baada ya mwaka mmoja watu walisema, "Yule vita vimemharibu." Lakini hakuna aliyemwendea kumwuliza.

Katika mfano huu imo mizigo mitano. Tuitazame mmoja mmoja.

Mzigo wa kwanza ni wa mwili. Wengine walirudi bila mguu, wengine na risasi mwilini, wengine na masikio yaliyoharibiwa na mizinga. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi au mjinga, kumbe ameumia. Aliyekatwa mguu hawezi kulima jaruba wala kupanda mlimani, lakini aweza kufanya kazi nyingine akisaidiwa. Hapo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo cha viungo bandia ambacho kimefundisha mafundi wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1981. Si mbali na sisi, na bado wako watu wanaotembelea fimbo kwa sababu hawakuambiwa.

Mzigo wa pili ni wa moyo na akili. Mtu aliyeona mambo ya kutisha huweza kuyaona tena usingizini au hata mchana. Hushtuka kwa mlio mdogo, kama bati linapoanguka au pikipiki inapolia ghafula. Hukwepa watu na mahali panapomkumbusha, hukasirika upesi, hukosa furaha hata penye furaha. Zamani Waingereza waliita hali hiyo mshtuko wa mizinga, na wengine waliwaita wagonjwa wake waoga. Mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huo rasmi katika orodha yao. Hivyo twajua kwamba si woga, si laana, wala si pepo aliyefuata nyayo kutoka Uganda. Ni jeraha kama jeraha lingine, na watu husaidiwa wakapata nafuu. Pombe hulifunika kwa usiku mmoja, kisha huliongeza. Pia wako wanaosumbuliwa na yale waliyoyatenda wenyewe, na hao ndio wanaonyamaza kuliko wote.

Mzigo wa tatu ni wa nyumba. Mume hubadilika, na mke naye hubadilika. Aliyebaki amejifunza kuamua, aliyerudi amezoea kuamriwa na kuamuru. Hapa tukumbuke amri ya Daudi katika 1 Samweli 30. Watu 200 walichoka wakabaki na mizigo penye kijito cha Besori, na wenzao hawakutaka kuwagawia nyara. Daudi alikataa, akasema aliyebaki kulinda vitu na apate sehemu sawa na aliyeshuka vitani. Wake zetu waliolima, waliolea na waliouguza wazee katika miaka ile ya shida, sabuni na sukari zikiwa hazionekani madukani, walikuwa penye Besori. Askari anayerudi akidhani yeye peke yake ndiye aliyepigana, hajaielewa nyumba yake. Basi naye ana wajibu: nyumba si kikosi, na mke si kuruta. Akimpiga mkewe, hatuwezi kusema "ni vita tu" tukapita.

Mzigo wa nne ni wa ardhi na kazi. Katika nchi yetu, ambapo mlimani viwanja ni vidogo na tambarareni maisha ni maji, mtu asiyekuwapo zamu ya maji inapopangwa hukosa zamu. Mashamba yanapogawanywa mtu asiyekuwapo hukosa shamba. Mdogo wa kijana wetu hakuwa mwizi. Alilima ili ukoo ule. Kosa lilikuwa la ukoo mzima, kwa kutokaa mapema na kupanga aliyerudi apate nini na aliyelima abaki na nini.

Mzigo wa tano ni wa karatasi. Askari wa kudumu aliyetimiza masharti ya utumishi ana pensheni au kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria. Mwanamgambo aliyerudi kijijini alirudi kwenye jembe lake, mara nyingi na nishani au na kumbukumbu tu. Juu ya askari wa Mjerumani kuna kisa kinachosimuliwa sana. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa bado hai. Wazee wapatao 350 walifika Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya sare za zamani. Basi aliyekuja na fedha aliwapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na inasemekana hakuna aliyekosea. Wasikilizaji hucheka wakisikia kisa hiki. Lakini hebu tufikiri: mzee ameishi karibu miaka 50 bila kitu cha kuonyesha kwamba alikuwamo, ila mikono yake inayokumbuka bunduki.

4. YATUPASAYO KUFANYA

Majirani zetu wa Uganda kaskazini wana la kutufundisha. Huko vita kati ya serikali na kundi la Joseph Kony vilidumu miaka mingi tangu miaka ya 1980, na watoto wengi walitekwa wakafanywa askari kwa nguvu. Walipotoroka na kurudi, Waacholi waliwapokea kwa desturi yao ya kale. Anayerudi hukanyaga yai bichi mbele ya wazee na ndugu, ndipo huingia nyumbani. Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa la Uganda, aliyewapoteza mkewe na bintiye kwa ajili ya vita hivyo, alikuwa mmoja wa viongozi wa dini waliotaka mazungumzo na msamaha. Sheria ya Msamaha ilipitishwa huko mwaka 2000. Hali yao si sawa na ya askari wetu waliokwenda kuitetea nchi, wala yai peke yake haliponyi. Lakini tazameni ni nani wanaosimama mlangoni: ukoo wote, ili baadaye asiwepo wa kusema hakuwapo. Kurudi kwa mmoja kumekuwa kazi ya wote.

Sisi hapa Ndungu tufanye nini? Yako mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, tuulize, kisha tungoje. Tusimwulize mtu mbele ya watoto ameua wangapi. Swali hilo limewafunga wengi midomo. Tumwulize alikaa wapi, alikuwa na nani, alikula nini, ni rafiki gani anayemkumbuka. Asiyetaka kusema aachwe, lakini ajue mlango u wazi. Wako wanaosema vizuri zaidi wakiwa na wenzao waliokuwa huko. Basi na wakutanishwe hata mara moja kwa miezi mitatu, chini ya mti au katika jengo la kanisa, bila kujali dhehebu wala dini. Walipokuwa Masaka hawakutengana Mwislamu na Mkristo.

Pili, tumpe kazi na sehemu. Msaragambo ukiitwa wa kusafisha mfereji au ndiva, aitwe naye, na asiyeweza kuchimba apewe kazi ya kuhesabu watu au kupanga zamu. Tusimfanye mgeni wa heshima wa kukaa kitini siku moja kwa mwaka. Kijana wa familia anapoondoka kwenda jeshini, ukoo ukae kabla hajaondoka, uandike shamba lake litalimwa na nani na kwa masharti gani, kisha mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Karatasi moja kama hiyo yaweza kuzuia kesi ya miaka kumi.

Tatu, tuwapeleke kwenye msaada ulio kweli. Anayeota ndoto za vita, anayekunywa bila kipimo, au anayesema afadhali afe, aende hospitali akaonane na wenye ujuzi wa magonjwa ya akili, naye asindikizwe na mtu anayemwamini. Neno la kutaka kufa lisichukuliwe kuwa mzaha hata siku moja. Kasisi amwombee na kumsikiliza kwa siri, na daktari amtibu. Kazi hizi mbili hazigombani. Umoja wa akina mama nao uwatazame wake zao, maana mara nyingi mke ndiye wa kwanza kujua na wa mwisho kuulizwa.

Nne, tutunze karatasi. Kila aliyetumikia aweke pamoja namba yake ya jeshi, cheti cha kuachishwa, nishani, na picha kama anazo, na amwonyeshe mkewe au mtoto mahali zilipo. Akifariki, ukoo ukutane mapema kumteua msimamizi wa mirathi, uandike muhtasari, upate cheti cha kifo, kisha uende Mahakama ya Mwanzo. Wajane wengi huchelewa kupata haki kwa kukosa kimoja cha vitu hivyo. Mwenye swali juu ya utumishi wa mgambo aanzie ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, Same, wala asimpe fedha mtu yeyote wa njiani anayeahidi kumfuatilia malipo.

Tano, tuandike majina. Wapagazi wa mwaka 1916 walisahauliwa kwa sababu hakuna aliyeandika. Sisi hatuna udhuru huo, maana kalamu tunazo na mashahidi wangali hai. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Kagera sasa amepita miaka 65, na kila mwaka twazika baadhi yao. Twapendekeza kila mtaa wa parishi yetu ufungue daftari. Humo yaandikwe majina ya wote waliotumika katika vita vyo vyote, walio hai na waliofariki, wa madhehebu yote na dini zote, pamoja na mwaka, mahali walikotumika, na neno moja au mawili waliyopenda kulisimulia. Yaandikwe pia majina ya wake waliowangoja. Mwenyewe au jamaa yake akubali kwanza, na asiyetaka aachwe. Madhabahu ya Yordani haikuwa ya kutolea sadaka. Ilisimama tu kama shahidi, ili mtoto asije akaambiwa kwamba baba yake hakuwa na sehemu. Daftari letu litafanya kazi hiyo hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini askari wa Yoshua, waliobarikiwa na kupewa mali, bado walikuwa na hofu? Je, umewahi kumwona mtu mwenye hofu kama hiyo hapa kwetu?

2. Finehasi alifanya nini ambacho majirani wa kijana katika mfano wetu hawakukifanya?

3. Kama ungekuwa mzee wa ukoo ule, ungepatanishaje jambo la shamba kati ya kaka na mdogo wake? Kila mmoja apate nini? Na mke je?

4. Katika mtaa wenu wako watu gani waliotumika vitani au katika kulinda amani? Ni nani kati yao hajatembelewa mwaka huu?

5. Tuna vijana walioko jeshini sasa. Familia zao zahitaji nini kabla hawajarudi?

Mwisho, kila kikundi kichague watu wawili wa kuandika daftari, mmoja kijana mwenye mwandiko mzuri na mmoja mzee anayezijua koo. Waanze kwa wale waliozeeka sana au walio wagonjwa. Daftari ziletwe kwa kasisi kabla ya tarehe 25 Julai, ili siku hiyo majina yasomwe yote, na wale walio hai waombwe wasimame, au wakae kama miguu haiwezi, na watoto waje kuwashika mkono.